Nyasi za Namba Tisa

Mvumilivu hula mbovu. Nzembi alikuwa amevumilia miaka sita, na mbovu ndizo zilizomlisha: majani ya nje ya kabichi yaliyotupwa sokoni Kawangware, maganda ya ndizi, majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa vibandani, maganda ya mayai kutoka kwa wauza mayai ya kuchemsha, samadi ya kuku, jivu la wachoma mahindi, vumbi la mbao kutoka kwa maseremala wa Ngong Road. Kila Alhamisi alipanda hadi Upper Hill kuchukua mashapo ya kahawa katika mkahawa mmoja wa watu wa benki. Mpishi alimpa kupitia mlango wa nyuma, na kila Alhamisi alimwonya asirudi tena na gunia linalovuja.

Vyote alivirundika nyuma ya nyumba yao ya mabati huko Kabiria, katika kiwanja chembamba kati ya choo na ukuta wa kanisa. Tabaka la kijani, tabaka la kahawia, maji kidogo, kisha fimbo ndefu ikachomekwa katikati. Kila asubuhi aliichomoa na kuishika. Ikiwa ya moto kiasi cha kumfanya aiachie, rundo lilikuwa kazini. Ikiwa baridi, aligeuza. Baada ya wiki kumi alipata mboji nyeusi isiyonuka kitu ila udongo, akaijaza katika magunia ya mchele na kuiuza.

Hakuchukua chochote bila kuuliza swali lake moja. "Imepigwa dawa?" Aliwauliza maseremala, na ubao wa kijani uliolowekwa dawa ya mchwa aliukataa hata vumbi lake. Alimuuliza mwenye kuku. Alimuuliza mpishi wa Upper Hill kuhusu kahawa, mpishi akamuuliza kama anatoka serikalini.

Mtu mmoja tu hakuwahi kumuuliza, na huyo alikuwa mume wake.

Mwanzia alikuwa mtunza bustani wa Msonobari, mtaa wa nyumba kumi na sita ndani ya geti moja, nyuma ya Adams Arcade. Jumanne na Ijumaa alikata nyasi, na Nzembi alikuja kuzichukua. Wakazi walijua kwamba kuna Mwanzia wa shamba, na kwamba kuna mama wa mboji. Hawakujua kwamba wawili hao walilala kitanda kimoja. Kwenye ukuta wa kibanda cha mlinzi kulikuwa na tangazo: wafanyakazi wasilete jamaa zao kufanya biashara ndani. Ndiyo maana siku ya kwanza kabisa Mwanzia alimwambia mkewe, "Ukishaingia pale, hunijui." Wakaishi hivyo.

"Habari yako, bwana," Nzembi angesema.

"Mzuri, mama. Nyasi iko pale."

Kule Mwanzia alikuwa mtu baki, na mtu baki anayekupa nyasi bure humsumbui kwa maswali. Nyumbani alikuwa mume aliyetoka kazini, asiyetaka kusikia habari za kazi. Swali likakosa mahali pa kuulizwa.

*

Jumanne ya kwanza ya Agosti, Odero, mlinzi wa mchana, alimzuia getini.

"Mama wa mboji, leo gunia liache nje."

"Kwani kuna nini?"

"Namba tisa anakutaka. Ametoka asubuhi na gauni ya kulala, akahesabu nyanya zake moja moja kama mtu anaita rejista." Odero alivuta kitabu cha wageni. Kwa miaka sita, kwenye sehemu ya sababu ya kuja, alikuwa akimwandikia *nyasi*. Leo alifikiri kidogo, akaandika *ameitwa*. "Enda polepole. Na usijibu haraka."

Virginia wa namba tisa alikuwa amestaafu mapema kutoka ofisi kubwa, na tangu hapo nguvu zake zote zilikuwa zimehamia kwenye bustani. Alikuwa pia mweka hazina wa kamati ya wakazi. Alimkuta Nzembi mlangoni, akamtangulia hadi nyuma ya nyumba, akatandaza gazeti juu ya sakafu ya veranda.

"Simama hapo. Viatu vyako vina matope."

Nzembi akasimama juu ya gazeti. Hatua nne kutoka pale, Mwanzia alikuwa akimwagilia maua kwa mpira. Hakugeuka.

"Angalia," Virginia alisema. "Wewe mwenyewe angalia. Hii ni nyanya ama ni nini?"

Nzembi aliangalia. Majani ya juu yalikuwa yamejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga. Mashina yalikuwa yamepinda, machipukizi yamekuwa membamba kama nyuzi. Hakukuwa na mdudu, hakukuwa na ukungu. Hakuwahi kuona kitu kama hicho.

"Sijui, madam. Haijawahi kutokea."

"Haijawahi? Nyumba nane tulinunua kwako. Nane! Namba nne amelia. Hoho zake alikuwa anapiga picha kila wiki anatumia watoto wake Kanada. Sasa awatumie nini?" Virginia alichuma jani lililojikunja na kulisogeza karibu na uso wa Nzembi. "Uliweka nini? Sema tu. Ni taka za Kawangware? Ni ya choo?"

"Siweki ya choo, madam."

"Mwanzia!"

"Madam."

"Wewe ni mtu wa shamba. Huu ni ugonjwa gani?"

"Sijui, madam."

"Si ni mboji ya huyu mama?"

Mwanzia aliutazama mpira mkononi mwake. Maji yalikuwa yamechimba shimo dogo kwenye mizizi ya waridi.

"Inaweza kuwa, madam."

Virginia akapanga mambo hapohapo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi kulikuwa na mkutano wa wakazi. Nzembi angekuja, aseme mbele ya wote kwamba alichanganya uchafu kwenye mboji, aombe msamaha, aahidi kutorudia. Wakiridhika, angeendelea kuchukua nyasi na kuuza. Asipofanya hivyo, asahau geti. Mpaka siku hiyo, asionekane.

"Sitaki mambo mengi," Virginia alisema kwa sauti ya upole sasa, kama mtu aliyemaliza kutoa msaada. "Msamaha tu. Hata haina gharama."

Nzembi alishuka kutoka kwenye gazeti. Virginia akalikunja kwa ncha za vidole na kulitia pipani.

*

Jioni Mwanzia alikula ugali wake wote na kunywa maji. Binti yao Kavindu, aliyekuwa akifanya kazi katika duka la uchapishaji River Road, alikuwa amevua viatu na kuegemeza miguu ukutani. Nzembi hakuwa amegusa sahani yake.

"Ulisema inaweza kuwa," alisema.

"Ulitaka niseme nini? Niseme haiwezi, halafu aniulize nimejuaje?"

"Ungenyamaza."

"Nikinyamaza ananiuliza mara ya pili. Wewe humjui. Mimi niko pale siku sita kwa wiki." Mwanzia alipangusa kidevu. "Omba msamaha, Mama Kavindu. Maneno hayamtoi mtu damu."

"Kwa kosa gani?"

"Kosa watakuambia."

Kavindu alicheka bila furaha. "Baba, wewe ungekuwa wakili, watu wangefungwa hata kabla ya kushikwa."

Akainuka kukusanya sahani.

Asubuhi iliyofuata Kasyoki alipiga hodi. Aliishi nyumba tano kutoka kwao, na alikuwa na ukanda wa shamba kando ya kijito, alikopanda managu na kunde za kuuza. Mwezi Julai alikuwa amechukua magunia matatu ya mboji. Alikuwa ameshika fungu la managu. Hakupiga kelele. Alilaza lile fungu juu ya kiti na kusimama kando.

"Nimekuletea uone, Mama Kavindu. Labda unajua ni nini."

Majani yalikuwa yamejikunja, yale yale. Nzembi aliyashika, akayageuza.

"Yote?"

"Upande wote wa chini. Kunde ndio mbaya zaidi, zimejinyonga kama kamba. Upande wa juu, kule sikuweka yako, ziko sawa." Kasyoki alivuta leso yake. "Sijaja kukugombeza. Nimekuja tu, kwa sababu nilisema kama ni mimi ningetaka nijue."

Nzembi alipiga magoti pale kwenye sakafu ya saruji.

"Nisamehe, Kasyoki. Sijui ni kitu gani, lakini kimetoka kwangu. Nisamehe."

"Inuka, wewe. Inuka, mtu akikuona atadhani nimekupiga."

Alimwinua. Siku hiyo na iliyofuata Nzembi alichimba ule ukanda wa chini kwa jembe uma, akang'oa kila shina na kuondoa udongo wa juu hadi kina cha kiganja. Akabeba magunia mawili ya rundo la zamani, lililotengenezwa kabla ya mvua za Aprili, akayamwaga pale bila kuombwa. Kasyoki alimletea chai kwenye kikombe cha bati. Walikunywa wakiwa wameketi juu ya magunia, wakaongea habari za shule na za mvua, na jambo hilo halikutajwa tena baina yao.

*

Ili kujua ni kipi, alichukua makopo matatu ya mafuta ya kupikia na kuyatoboa chini. La kwanza alitia udongo na vumbi la mbao. La pili, udongo na taka za soko zilizooza. La tatu, udongo na nyasi kavu alizobakisha kwenye gunia, zile za Msonobari za mwezi Mei, ambazo alikuwa akizihifadhi kwa tabaka la kahawia. Katika kila kopo alipanda maharagwe matano. Akayapanga juu ya ukuta mfupi wa choo, penye jua.

"Sasa unalima kwa mikebe," Mwanzia alisema.

"Napima."

"Na ukishapima?"

Nzembi alimwagilia makopo. Alikuwa amechoka kwa namna isiyoondoka kwa kulala. Geti la Msonobari likiwa limefungwa, hakuwa na nyasi mbichi za kutia moto kwenye rundo jipya. Kila asubuhi alichomoa fimbo, na kila asubuhi ilikuwa baridi. Aliendelea kwenda Upper Hill siku ya Alhamisi. Aliendelea kuokota kabichi. Mikono ilijua njia hata kama yeye hakuwa na habari nayo.

Siku ya sita maharagwe yaliota katika makopo yote. Siku ya kumi na moja, ya kopo la kwanza na la pili yalikuwa yamefungua majani mapana kama masikio. Ya kopo la tatu yaliinama shingo, na majani yake mapya yakatoka yakiwa yamefumba ngumi.

Alilibeba kopo la tatu hadi ndani akaliweka mezani. Kisha akaketi. Mlango ulikuwa wazi, umezuiwa na chupa ya plastiki iliyojazwa mchanga, kama ulivyozuiwa tangu mwezi wa tano. Ilikuwa chupa nyeupe, yenye mpini. Nusu ya karatasi yake ilikuwa imebanduka. Katika nusu iliyobaki kulikuwa na picha ya mmea wa majani mapana, umekatwa kwa mstari mwekundu.

Nzembi aliinama akaiokota ile chupa. Alikuwa ameipita mara kumi kwa siku kwa miezi mitatu. Alikuwa ameipangusa vumbi.

Mwanzia aliporudi, alikuta kopo na chupa vimewekwa pamoja mezani. Alivua kofia.

"Hii ulitoa wapi?" Nzembi aliuliza, akiigusa chupa.

"Kwa stoo ya namba tisa. Ilikuwa imeisha, nikaona ni ngumu, inaweza kusaidia."

"Ulipiga kwa nyasi?"

"Ya magugu hiyo. Madam alileta mwenyewe, mwezi wa nne. Alichoka na zile kwekwe za majani mapana. Nikapiga uwanja wake wote." Aliona uso wa mkewe, akaharakisha. "Lakini nyasi haikufa hata moja, Mama Kavindu! Ilikuwa kijani kabisa. Dawa ambayo haikuua nyasi itauaje mboji?"

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza."

Ilikuwa kweli, wote wawili wakaisikia ikiwa kweli. Mwanzia aliketi. Alilivuta kopo, akagusa haragwe moja lililojikunja, akajaribu kulikunjua jani kwa kidole gumba. Lilirudi likafumba.

*

Kavindu aliibeba ile chupa ndani ya mfuko mweusi hadi River Road, na mama yake akamfuata. Milango miwili kutoka duka la uchapishaji palikuwa na duka la dawa za mifugo na mimea. Aliyekuwa nyuma ya kaunta aliitwa Emmah, na Kavindu alimjua kwa sababu vipeperushi vyake vilichapwa kwao.

"Niaje, Emmah. Huyu ni mathangu. Tusomee hii."

"Poa. Shikamoo, mama." Emmah aliigeuza chupa, akaona jina, akaenda nyuma na kurudi na nyingine nzima ya aina ile ile. Kwenye mgongo wake palibandikwa kijitabu kilichokunjwa mara nane, maandishi kama chawa. "Hii watu hawasomi. Wananunua kwa picha."

"Inasemaje?"

Emmah alisoma akiwa amekunja uso, kisha akaongea Kiswahili. "Hii dawa haiui nyasi, mama. Inakaa ndani ya nyasi. Nyasi inaoza, dawa haiozi. Ng'ombe akila, inapita naye mpaka kwa samadi. Wameandika hapa: nyasi zilizokatwa baada ya kupigwa dawa hii zisitumike kutengeneza mboji. Wamepiga mstari chini."

"Inakaa muda gani?"

"Mwaka. Wakati mwingine zaidi. Udongo uigeuze uigeuze, upande mahindi, mahindi haisikii. Lakini nyanya, maharagwe, kunde, wacha."

Nyuma yao mkokoteni uliobeba mabomba ulikuwa umekwama, na watu wawili walikuwa wakitukanana juu ya nani arudi nyuma. Nzembi alisikia kila tusi kwa uwazi wa ajabu.

"Naweza kupata hiyo karatasi?"

"Ukinunua dawa."

"Emmah," Kavindu alisema, "nani alikupigia vipeperushi elfu moja siku ya Pasaka akiwa na homa?"

Emmah akabandua kijitabu. "Chukua. Nikiulizwa, panya amekula."

*

Ijumaa, siku moja kabla ya mkutano, Mwanzia alirudi mapema. Alimwambia Kavindu achukue simu aandike.

"Andika hivi. Kwa wakazi wapendwa. Mimi mama wa mboji ninakiri—"

"Mama wa mboji hana jina?"

"Andika. Ninakiri kwamba kwa kutojua kwangu nilichanganya taka chafu za soko—"

"Taka chafu. Kuna taka safi, baba?"

"Kavindu."

"Naandika. 'Chafu za soko.' Niweke nukta ama niache zinuke?"

"Futa," Nzembi alisema kutoka mlangoni. Alikuwa ameshika fimbo ya rundo. "Futa yote."

Mwanzia aligeuka. Hakuwa na hasira. Uso wake ulikuwa na rangi ya mtu aliyekwisha kuomba kila mahali pengine. "Mdomo wako ukisema dawa, watauliza nani alipiga. Virginia hatasema alinunua yeye. Atasema Mwanzia alijipigia. Nina miaka arobaini na tisa. Nani ataniandika?"

"Na mimi nikisema niliweka uchafu, nani atanunua? Si Msonobari peke yake. Habari itafika Kawangware kabla yangu. Na Kasyoki nitamwambia nini? Kwamba nilijua, nikampa hivyo hivyo?"

"Kasyoki hatakuwa pale."

"Mimi nitakuwa pale."

Kavindu alikuwa amezima simu. Kanisani upande wa pili wa ukuta, kwaya ilikuwa ikirudia mstari mmoja wa wimbo tena na tena, sauti ya tatu ikikosea mahali pale pale.

"Nitasema dawa," Nzembi alisema hatimaye. "Sitasema mume."

"Na wakiniita? Wakiniuliza kama nakujua?"

"Utasema hunijui. Si ni hivyo tulikubaliana?"

Mwanzia alifikiri. Kisha akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu anayepokea mzigo na kuona ni mwepesi kuliko alivyoogopa. Nzembi aliona ule wepesi. Akatoka kwenda kuirudisha fimbo.

*

Mkutano ulifanyika kwenye maegesho, wakazi wakiwa wameketi kwenye viti vya plastiki katika jua la saa nne. Mwenyekiti aliitwa Fidel, mtu wa namba moja, mpole, aliyevaa trakisuti na saa kubwa. Nzembi hakupewa kiti. Alisimama kati ya magari mawili, amevaa gauni lake la kanisani.

Walianza na taa za barabara, wakaenda kwenye paka wa namba kumi na mbili, kisha Fidel akasema, "Haya, mama wa mboji."

"Mboji yangu ilikuwa na dawa," Nzembi alisema. "Dawa ya magugu. Ilitoka kwenye nyasi za namba tisa. Nilizichukua mwezi wa tano bila kujua zimepigwa. Nimepanda maharagwe kwenye hizo nyasi, yamejikunja kama nyanya zenu. Yasiyo na nyasi yamestawi." Akatoa kijitabu. "Hii ndiyo karatasi ya dawa yenyewe. Wameandika nyasi zake zisifanywe mboji."

Mama wa namba nne, yule wa hoho, alinyoosha shingo. Virginia akacheka.

"Dawa ambayo haikuua nyasi, imeua nyanya! Jamani. Tumeanza kufundishwa kemia na watu wa kuokota kabichi."

Watu kadhaa walicheka. Fidel alikuwa amekipokea kijitabu. Alikikunjua, akakisogeza mbali na macho, akasoma. Kicheko kiliisha naye bado alikuwa akisoma. Alifika mahali fulani, kidole chake kikatulia. Kisha akakikunja, mara moja, mara mbili, mpaka kikawa kidogo, akakitia mfukoni mwa trakisuti.

"Virginia," aliuliza bila kumtazama, "ulinunua dawa?"

"Mimi? Mwanzia ndiye anashughulika na hayo mambo. Mwanzia!"

Mwanzia alikuwa amesimama karibu na tangi la maji, ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Ulipiga dawa kwa nyasi?" Fidel aliuliza.

"Nilipiga ile madam alinipa."

Virginia akanyanyua mikono. "Ya magugu! Kila mtu anapiga! Na ni nani alimwambia huyu mama nyasi zangu ni za kufanyia biashara? Alikuuliza, Mwanzia? Alikuuliza kama zina dawa?"

"Hapana, madam. Hakuuliza."

"Mnasikia?"

Fidel alikuna shingo. Alimtazama Nzembi, akamtazama Mwanzia, kana kwamba kuna kitu kilikuwa karibu kumjia. "Huyu mama unamjua, Mwanzia? Mmejuana vipi?"

Paka wa namba kumi na mbili alipita chini ya gari. Mwanzia alimfuata kwa macho mpaka alipopotea.

"Simjui," alisema. "Namwona tu akija."

Walikuwa wamekubaliana. Nzembi ndiye aliyempa maneno hayo kwa mdomo wake. Alidhani angeyasikia kama mtu anavyosikia redio ya jirani. Aliyasikia hivyo hivyo, kwa kweli, kutoka mbali, bila uchungu wowote, na hilo ndilo alilolishangaa: kwamba palipaswa kuuma na hapakuuma. Alitazama mikono ya mumewe ikizungusha ile kofia. Kola ya shati lake alikuwa ameishona yeye Jumatano.

"Basi," Fidel alisema, akishusha sauti kama anayemsaidia mtu kuvuka barabara. "Mama, haya mambo ya karatasi tuyaache. Hatuko kortini. Watu wamepoteza mimea yao, wanataka kusikia neno. Omba msamaha, Jumanne urudi uchukue nyasi zako, tumalize. Jua limekuwa kali."

"Tena aseme ulikuwa uchafu," Virginia aliongeza.

"Hata asiposema uchafu. Msamaha tu, Virginia. Mama, neno moja."

Viti vya plastiki vililia watu wakijiweka sawa. Kila mtu alikuwa akimngoja, hata Odero alikuwa ametoka nje ya kibanda chake. Mwanzia alikuwa ameinua macho sasa. Alikuwa akimtazama mkewe kwa uso wa kuomba, wazi kabisa, na yeyote aliyemtazama wakati huo angejua. Hakuna aliyemtazama.

"Poleni kwa nyanya zenu," Nzembi alisema. "Mama wa hoho, pole. Mtu akipanda kitu kikafa, apewe pole."

"Vizuri," Fidel alisema, tayari akiinuka. "Na msamaha?"

"Huo siombi."

"Mama, fikiria. Ukitoka hapo getini hurudi."

"Nimefikiria. Siombi."

"Si useme tu!" Virginia alipiga paja. "Ni neno! Sema nisamehe!"

"Sisemi," Nzembi alisema. "Sitalisema leo, sitalisema Jumanne. Sikukosa kwenu, na msamaha siwaombi."